Bobini za Robo Saa

Fundi wa suti tunayemzungumzia hapa alikuwa mkweli kwa kila jambo isipokuwa kiuno. Kwenye kiuno alidanganya kila siku, tena bila haya. Mteja akija kupimwa, fundi alimzungushia futi, akamtazama usoni, kisha akamtajia namba iliyopungua inchi mbili. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa na kiuno cha arobaini na nne, na kwa miaka kumi aliishi akijua ana arobaini na mbili. Suruali zake zote zilimkaa sawasawa, kwa sababu daftarini fundi aliandika ukweli wenyewe na kuongeza inchi moja ya kuachia. Mwalimu alitoka dukani amejaa furaha, na fundi alihesabu jambo hilo kuwa sehemu ya kazi, sawa na kupiga pasi.

Watu walimwita Nusu Inchi, kwa kuwa aliweza kufumua mkono mzima wa koti kwa kosa la nusu inchi ambalo hakuna mwingine aliyeliona. Na kwa muda wote huo hakuna aliyegundua kwamba mtu huyu mwenye vipimo vikali namna hiyo alikuwa na namba za aina mbili, za mdomoni na za daftarini. Matatizo yalianza siku alipozichukua namba za mdomoni akaenda nazo hospitali.

Mgongo wake ulikuwa na historia. Miaka saba nyuma aliinua jora la kitambaa kutoka sakafuni, jora la kawaida tu, akasikia kitu kimekatika kiunoni. Kwa miezi mitatu alitembea akiegemea kuta. Yeye alitaka kusubiri, lakini mkewe hakutaka. Kaka yake mkewe alikuwa amepasuliwa mgongo na sasa anakimbia kama ngiri, kwa hiyo mkewe alishika bango asubuhi na jioni mpaka fundi akakubali kupasuliwa. Mgongo ukapona nusu, na mguu ukaharibika mzima. Maumivu yalishuka kutoka kwenye tako la kushoto, yakapita upande wa nje wa paja, yakateremka mpaka kisigino, na kisigino kikawa kinawaka moto hata akikiweka kwenye maji.

Siku aliyotoka hospitali ile alimkuta mkewe amesimama kwenye ujia, amegeukia ukuta, analia kimyakimya asisikiwe na mtu. Fundi aliiona ile shingo iliyoinama, akajiapiza papo hapo. Tangu siku ile, akiulizwa na mkewe hali yake, jibu lilikuwa moja tu: afadhali. Asubuhi afadhali, mchana afadhali, kwenye mvua afadhali. Alimpenda mkewe, na neno hilo aliliona ndilo zawadi pekee aliyobaki nayo ya kumpa.

Walifanya kazi chumba kimoja. Cherehani ya fundi, ya kukanyaga kwa miguu, ilikuwa dirishani. Mkewe alikuwa na meza yake upande wa pili, na kazi zake zilikuwa vifungo, pindo, na kujaza uzi kwenye bobini, vile vigurudumu vidogo vya chuma vinavyokaa chini ya sindano na kutoa uzi wa chini. Kwa kuwa daktari wa kwanza alimkataza fundi kuinama, kubadilisha bobini nako kukawa kazi ya mkewe. Uzi ukiisha, fundi alisema, "Uzi," akasimama, akanyoosha mgongo, akatembea hatua kumi mpaka kwenye rafu na kurudi. Mkewe alikuja, akainama, akafungua kifuniko, akaweka bobini nyingine. Mtu angeingia akawaona angesema ni mashine iliyopakwa mafuta.

Jambo moja tu lilimkera fundi, nalo lilikuwa uzi wenyewe. Kila mwaka aliuona unaisha upesi zaidi. Zamani bobini moja ilimaliza suruali na ikabaki. Sasa hata mguu mmoja haukamiliki, keshaita uzi. Fundi aliamini kabisa kwamba viwanda vinaiba, na alimwendea muuza uzi wa pale sokoni mara mbili kumwambia hivyo usoni. Muuza uzi aliapa kwa jina la mama yake. Fundi akanunua tena kwake, kwa vile wengine walikuwa wezi zaidi, akaendelea kunung'unika. Mkewe alisikiliza manung'uniko hayo akiwa ameinamia vifungo vyake.

Ni binti yao, anayeishi mji mwingine, aliyesikia habari za daktari wa maumivu. Kazi ya daktari huyo, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, ilikuwa maumivu tu, maumivu ya watu ambao wengine wamekwisha kuwatibu wakashindwa. Fundi na mkewe wakaenda pamoja, wakakaa kwenye viti viwili mbele ya meza.

Daktari alitoa karatasi yenye picha ya mtu, mbele na nyuma, akamwomba fundi apake wino mahali panapouma. Fundi aliitazama ile picha kwa dharau ya kitaalamu, kwani mabega yalikuwa hayalingani, akasema ni rahisi zaidi akieleza. Yanaanzia chini ya kiuno cha suruali, inchi tano kushoto ya mshono wa nyuma. Yanafuata mshono wa nje mpaka goti, halafu yanaingia nyuma na kushuka mpaka kwenye pindo. Daktari aliandika yote, akasema hajawahi kupata maelezo safi kama hayo.

Kisha akauliza: kutoka sifuri mpaka kumi, sifuri ikiwa hakuna maumivu na kumi ikiwa ni maumivu mabaya kuliko yote unayoweza kuyafikiria, siku ya kawaida ya kazi ni ngapi?

Ilikuwa tisa. Fundi aliijua vizuri tisa yake, aliamka nayo na kulala nayo. Lakini mkewe alikuwa ameketi palepale, mkoba mapajani, na shingo yake ilikuwa imeinama kidogo kama siku ile kwenye ujia.

"Sita," alisema fundi.

Daktari akaandika sita, na kwa mara ya kwanza maishani namba ya mdomoni ya fundi ikaingia daftarini.

Kisha akasema kipo kifaa kinachoweza kumsaidia, akakieleza bila mbwembwe. Nyaya mbili nyembamba hupitishwa kwa sindano mpaka karibu na uti wa mgongo, na betri ndogo hupeleka umeme dhaifu unaoivuruga ile taarifa ya maumivu kabla haijafika kichwani. Hakitibu kitu. Mgongo unabaki vilevile na mishipa inabaki vilevile, ila kelele hupungua. Wengine husaidika sana, wengine kidogo, wengine hawasaidiki kabisa. Kwa hiyo kwanza hufanyika jaribio la siku saba: nyaya ndani, betri nje, imefungwa kiunoni kwenye mkanda. Mgonjwa hufanya kazi zake za kawaida bila kuinama wala kubeba, na kila jioni huandika namba. Namba ikishuka kwa nusu au zaidi, huwekewa betri ya kudumu chini ya ngozi. Isiposhuka hivyo, nyaya hutolewa na mambo yanaishia hapo.

Nyumbani fundi alizunguka na jambo hilo wiki tatu. Mwanzoni alilifanyia mzaha, kwamba atakuwa akishika stesheni za redio akiinama. Halafu mzaha ukamwishia. Aliogopa kisu, aliogopa umeme, na zaidi ya vyote aliogopa kutumaini. Binti yao alipiga simu na kusoma kurasa nyingi za maelezo mpaka salio likakatika. Mkewe ndiye aliyemshangaza, maana hakusema neno. Mama aliyezoea kuamua mpaka rangi ya soksi zake alikaa kimya wiki tatu, na fundi akiuliza, alijibu kwamba mgongo ni wake, aamue mwenyewe.

Akaamua kujaribu. Kulala kifudifudi akichomwa hakukuwa kubaya kama alivyodhani. Walipowasha, alisikia kitu kinatembea kwenye paja lake la kushoto, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuamka, na pale kisigino kilipokuwa kinawaka pakawa na mtetemo tu. Aliuliza kama wamekiwasha vizuri. Walipomwambia ndiyo, akageuza uso upande wa ukuta.

Jumanne alikaa kwenye cherehani. Alikuwa na suti ya mwalimu mkuu, ya kuagia kazi, kitambaa cha kijivu kilichokoza chenye bitana ya hariri. Alikanyaga polepole, akisikiliza mguu, na mguu haukumjibu kwa ukali wake wa siku zote. Uzi ukaisha. Alisema "Uzi" kwa mazoea, lakini hakusimama. Alisogeza magoti tu, mkewe akainama na kubadilisha. Alhamisi alishona mguu mzima wa suruali, akaunganisha wa pili, akaanza kiuno, na bobini ilikuwa bado inatoa uzi. Alimwambia mkewe kwamba yule mwizi wa sokoni hatimaye ametubu. Mkewe alikohoa kidogo na kusema huenda.

Jioni aliandika namba. Mgongo wenyewe ulikuwa bado unamsumbua, hasa saa za alasiri, na namba ya kweli ilikuwa nne. Siku moja ilikuwa tatu, halafu nne tena. Hizo aliziandika bila kuongeza wala kupunguza, kwa vile hapakuwa na wa kumficha. Alikuwa anaandika na huku anapiga mluzi, naye hakuwa ameusikia mluzi wake kwa miaka.

Siku ya nane wakarudi kwenye vile viti viwili. Daktari aliisoma karatasi, akairudia. Alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta maneno. Akasema wastani ni kama nne. Kutoka sita mpaka nne ni theluthi moja, na kanuni inataka nusu. Anaona fundi ameshona, anaona uso wake umechangamka, lakini kuweka chuma mwilini mwa mtu kwa faida ya theluthi moja hawezi, na jopo linalopitisha vifaa hivi halitakubali. Leo atazitoa nyaya.

Fundi alikaa. Alisikia ule mtetemo kisiginoni, mdogo na mwaminifu, ambao ndani ya saa moja ungezimwa. Alichotakiwa kusema kilikuwa maneno mawili. Alimgeukia mkewe na kumwomba akamletee maji ya kunywa huko nje.

"Maji ninayo," alisema mkewe, akatoa chupa mkobani.

Fundi akanywa maji ambayo hakuyataka. Akafikiria kurudi nyumbani na tisa yake na kusema afadhali mpaka kufa. Akafikiria ile shingo. Akaiweka chupa mezani.

"Daktari, haikuwa sita," alisema. "Ilikuwa tisa. Nilisema sita kwa sababu huyu alikuwa amekaa hapa."

Hakuthubutu kumtazama mkewe. Daktari alivua miwani. Alisema kwa upole kwamba anamwamini, lakini kila mwezi yupo mgonjwa anayekumbuka namba mpya akishaisikia kanuni, na jopo litamuuliza ushahidi uko wapi. Namba iliyobadilishwa leo, mbele ya nyaya zinazotaka kutolewa, haitapita.

Kisha mkewe akaufunga mkoba wake.

"Mimi ndiye ninayejaza bobini," alisema.

Daktari hakuelewa, na fundi naye hakuelewa. Ikabidi mama aanze mbali, aeleze cherehani, uzi wa chini, na kuinama kulikokatazwa. Alieleza kwa utulivu kama anayesoma orodha ya vipimo. Mume wake anakanyaga kwa miguu yote miwili. Maumivu yakimzidi, kisigino cha kushoto hunyanyuka kwenye kanyagio, yeye mwenyewe hajui. Kikishanyanyuka, huvumilia tu, jasho linamtoka, na hatasimama kwa sababu akisimama bila sababu mkewe atamuuliza. Kwa hiyo mkewe akaanza kuitazama saa ya ukutani.

"Mwaka wa kwanza kilinyanyuka baada ya nusu saa. Nikawa namjazia uzi wa nusu saa tu, uishe kabla yake. Mwaka huu ni robo saa, siku nyingine haifiki. Nikampunguzia tena. Uzi ukiisha anasimama, ananyooka, na hana haja ya kunidanganya."

"Na wiki hii?" aliuliza daktari, ambaye alikuwa amekwisha shika kalamu.

"Jumanne nilimwekea ya robo saa. Uzi ukaisha, kisigino kiko palepale. Jumatano nikaweka ya nusu. Alhamisi nilijaza bobini mpaka pomoni, mara ya kwanza kwa miaka sita. Alikaa saa nzima na dakika saba. Hakuniita, alikuwa anapiga mluzi."

Fundi alimtazama mkewe kana kwamba ni mteja aliyeingia dukani leo. Alikuwa na mengi ya kusema, na lililotangulia halikuwa kubwa kuliko mengine.

"Kwa hiyo yule muuza uzi..."

"Hana kosa lolote," alisema mkewe. "Utamwomba radhi."

Kisha akaufungua mkoba na kuufunga tena. Akasema amejua tangu walipotoka ile hospitali ya mwanzo. Alijua ni yeye aliyemsukuma, na alijua neno afadhali ni la kumfunika asipate baridi, akaliacha limfunike, maana hakuwa na moyo wa kulivua. Fundi alitaka kusema kwamba hakumlaumu hata siku moja. Akalisema, na kwa kuwa lilikuwa kweli, halikuhitaji kurudiwa. Daktari alijifanya anatafuta karatasi kwenye mtoto wa meza.

Aliipata ile aliyoitaka, ya vipimo vya kazi. Akaandika humo robo saa kabla ya jaribio, saa nzima na dakika saba wakati wa jaribio, na jina la aliyeshuhudia. Alisema hii jopo litaisoma, maana mtu anaweza kukosea namba ya maumivu lakini dakika za kukaa kitini zimehesabiwa na mwingine. Halafu akaiweka kalamu chini na kuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza bado: je, anakitaka? Betri itaisha baada ya miaka kadhaa, atapasuliwa tena kuibadilisha. Waya unaweza kusogea. Nafuu inaweza kupungua siku moja bila sababu. Akikataa, hakuna ubaya, wataendelea na dawa na mazoezi.

Fundi aliwaza. Mkewe alikuwa ameshika mikono yake mapajani, midomo imefungwa kabisa, na sasa fundi aliuelewa ule ukimya wa wiki tatu.

"Nakitaka," alisema. "Na naamua mimi mwenyewe. Jambo likiharibika, ni langu."

Wakati wa kupanga mahali pa betri, daktari aligusa juu kidogo ya tako. Fundi alimzuia. Hapo, alisema, ndipo mkanda unapokaa mtu akisimama, na akiketi unashuka inchi moja na nusu, kwa hiyo betri itasuguliwa maisha yake yote. Akatoa chaki mfukoni na kuonyesha mahali panapofaa, chini ya mkanda na juu ya pale panapokaliwa. Daktari akakubali, akauliza kiuno chake ni inchi ngapi.

"Thelathini na sita," alisema fundi.

Mkewe alimgeukia polepole.

"Thelathini na nane," alisema fundi.

Walitoka na plasta mgongoni na tarehe ya kuwekewa betri, wiki tano mbele. Nyaya za jaribio zilikuwa zimetolewa, na walipofika kwenye kona ya duka la vioo ule mtetemo ulikuwa umekwisha, moto umeanza kurudi, kwanza pajani, halafu kisiginoni. Fundi aliendelea kutembea. Mkewe, ambaye hakuwa akitazama uso wake bali kiatu chake cha kushoto, akasimama.

"Ni ngapi sasa?"

"Afa..." alianza fundi. Akaliacha neno hilo. "Nane."

Mkewe alitikisa kichwa kukubali, akatazama huku na huku, akaona kingo ya saruji mbele ya duka, ya urefu wa kiti. Akaipangusa kwa kiganja. Wakakaa bega kwa bega, watu wakiwakwepa na mizigo yao, wala hakuna aliyemharakisha mwenzake. Kila baada ya muda mkewe aliuliza, naye alijibu. Walikaa pale mpaka aliposema sita, na safari hii ilikuwa sita kweli.